Kufunga kipozaji cha maji kwenye kompyuta ndogo ya sebuleni, kwa joto la Kisumu

Kabati la TV katika sebule nyingi za Kisumu hupangwa hivi: dekoda juu, kompyuta ndogo chini yake, kitambaa cha kufuma kimening'inia mbele ya vyote viwili, na mgongo wa kabati umegusa ukuta. Saa tisa alasiri hewa ya sebuleni iko nyuzi 30 au karibu na hapo. Ndani ya kabati, ambamo vyombo viwili vinatoa joto na hewa haina pa kutokea, ni zaidi. Prosesa, ile chipu kuu inayofanya kazi zote za kompyuta, haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoipoza, hata uifungie kipozaji cha maji cha bei gani. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji kwenda duka la kompyuta: kitambaa kiondoke, dekoda ihamie pembeni, kabati lisogee sentimita 10 kutoka ukutani, na seremala akate matundu mawili ya kipenyo cha sentimita 12 kwenye ubao wa nyuma, moja chini na jingine juu. Hewa ya kawaida iingie chini, ya moto itokee juu. Hilo likishafanyika ndipo tuzungumze habari ya maji.

Ninaandika kwa mwenye kompyuta ya namna hii: mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya umbo dogo la Mini-ITX, milimita 170 kwa 170, prosesa ya Intel ya kizazi cha pili hadi cha nne, ndani ya kasha dogo lenye nafasi ya feni moja ya milimita 120 mbele. Mfano wangu ni Core i7-3770 ya mwaka 2012, wati 77, ndani ya kasha la Cooler Master Elite 130. Katika kasha hilo pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, hukaa juu ya mazabodi, hivyo kipozaji cha prosesa hakiruhusiwi kuzidi kimo cha milimita 65. Kipozaji kizuri cha hewa, kile cha mnara chenye feni ya 120, kina kimo cha milimita 150 na zaidi. Hakiingii. Hapo ndipo maji yanapostahili pesa yake: pampu iliyokaa juu ya prosesa inayasukuma ndani ya mipira miwili, nayo yanalibeba joto kutoka mahali pasipo na nafasi na kulipeleka kwenye rejeta, fremu ya mapezi yenye feni, mbele ya kasha, penye nafasi na hewa safi.

Mwenye kasha kubwa linalomeza mnara anunue mnara, hana haja ya pampu. Na mwenye zile kompyuta nyembamba za ofisini zinazokuja za mtumba kutoka Uingereza, kama Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo, asijaribu kabisa. Hakuna mahali pa kuweka rejeta, na pawasaplai na mazabodi vina umbo la kiwanda chake, havihamii kwenye kasha la kawaida.

Kabla ya kutoa pesa, jua joto linatoka wapi. Kadi ya picha iliyo ndani ya i7-3770, HD 4000, inafungua filamu za H.264, mfumo wa zamani wa kubana video, bila jasho. Filamu ya HEVC, mfumo mpya zaidi, haiwezi, na hasa HEVC ya biti 10, kwa hiyo kazi yote inaangukia viini vinne vya prosesa. Ndiyo maana mtu anasema kompyuta yake ilikuwa kimya miaka mingi na sasa inanguruma kila filamu ikianza. Mashine haijaharibika, ila filamu zimebadilika. Kwenye Kodi, programu ya kuchezea filamu, bonyeza herufi O filamu ikiwa inacheza. Mstari wa dikoda ukiwa na herufi HW, kadi ya picha ndiyo inayofanya kazi. Zisipokuwepo, prosesa inahenya peke yake.

Kama shida yako ni hiyo tu, dawa yake si maji. Weka kadi ya picha ya GT 1030 ya kimo kifupi, toleo lenye kumbukumbu ya GDDR5 wala si la DDR4. Inakula wati 30, haihitaji waya wa umeme wa ziada, na inafungua HEVC ya biti 10 pamoja na VP9, mfumo mwingine wa kubana video. Ule wa AV1 haiujui. Prosesa itarudi kupumzika hata ikiwa na kile kipozaji chake cha kiwandani. Kipozaji cha maji kinafaa pale kompyuta hiyohiyo inapotumika kwa gemu, au inapobadilisha filamu ili simu za nyumbani zizitazame, yaani viini vyote vikifanya kazi saa nzima bila kupumzika.

Watu wengi hudhani maji yenyewe ndiyo yanayopoza. Piga hesabu. Tuseme mfumo mdogo una mililita 100 za maji. Kupandisha maji hayo nyuzi moja kunahitaji jouli 418. Prosesa ikimwaga wati 77, ni jouli 77 kila sekunde, kwa hiyo bila rejeta maji yangepanda kutoka nyuzi 30 hadi 60 kwa chini ya dakika tatu. Maji ni mchukuzi tu, na anayeutua mzigo ni rejeta na hewa inayoipenya. Rejeta iliyobanwa nyuma ya mlango wa kabati ni mchukuzi aliyefika akakuta ghala limefungwa.

Na hewa yetu ina jambo lake. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko ya Mombasa. Nakuru, karibu mita 1,850, pungufu hilo linafika asilimia 16 hivi. Feni inasukuma lita zilezile, ila kila lita inabeba joto pungufu. Nakuru inasamehewa kwa sababu jioni zake ni za baridi; Kisumu hatuna msamaha huo. Ndiyo sababu nashauri feni yenye nguvu ya kusukuma, ile ya mapanga mapana inayouzwa kwa ajili ya rejeta, badala ya feni ya kasha ya kawaida ambayo hewa yake hurudi nyuma ikikutana na mapezi yaliyosongamana.

Sasa vipimo. Rejeta ya 120 kwa kawaida ni milimita 157 kwa 120, unene 27. Feni ina unene wa 25. Jumla ni 52, na mipira inahitaji nafasi ya kujipinda bila kuvunjika. Chukua futi, pima kutoka bati la mbele hadi kitu cha kwanza kinachozuia. Mara nyingi ni kishikilia diski kilicho nyuma ya feni ya mbele, na kitatoka. Hamishia mfumo wa kompyuta kwenye diski ya SSD ya inchi 2.5 na uifunge pembeni. Pima pia waya nene za pawasaplai zinaposhukia, maana hizo ndizo hugombania nafasi na mipira. Halafu linganisha kimo cha pampu na ile milimita 65. Pampu za zamani, nyeusi na bapa, zinaingia vizuri. Za siku hizi zenye kioo na taa juu zinakaribia milimita 50 hadi 60, na mpira ukitokea ubavuni huku waya za pawasaplai zikikandamiza kutoka juu, utajuta. Nunua iliyo fupi.

Soketi za Intel, yaani vikalio vya prosesa kwenye mazabodi, za LGA1155, 1150 na 1151 zote zina matundu yaliyoachana milimita 75, hivyo kishikio kimoja kinazitosha. LGA1700 ni milimita 78. Vipozaji vipya vingine vinakuja na kishikio cha 1700 peke yake; mwambie muuzaji afungue boksi uone bati la nyuma na nguzo zake nne kabla hujalipa, hasa kama mzigo unaagizwa kutoka Nairobi na kuurudisha ni shughuli.

Cha mtumba usinunue. Mpira hupitisha mvuke wa maji kidogokidogo kwa miaka, hata kama hakuna tone lililovuja, na baada ya miaka mitano au sita mfumo unakuwa na hewa nyingi kuliko inavyofaa. Bamba linalogusa prosesa ni la shaba na rejeta nyingi ni za alumini. Metali hizo mbili zikiwa kwenye maji mamoja hulana, na kinachozuia ni dawa iliyomo ndani ya maji hayo. Dawa ikichoka, uchafu hujikusanya kwenye mifereji ya bamba, iliyo membamba kama nywele. Ukikitikisa karibu na sikio ukasikia maji yakichezacheza, kirudishe. Na kuongeza maji ya bomba, hata yaliyochemshwa, ni kuanzisha kutu siku hiyohiyo.

Kipya nacho kijaribiwe nje ya kasha. Tandaza gazeti, weka kipozaji juu yake, unganisha pampu na pawasaplai kwa adapta ya pini tatu, kisha unganisha pini ya 16 ya plagi kubwa, waya wa kijani, na pini yoyote yenye waya mweusi kwa kipande cha waya. Pawasaplai itawaka bila mazabodi. Iache saa 12. Gazeti likiwa na hata doa moja, rudisha.

Kung'oa kipozaji cha zamani: washa kompyuta dakika kumi kwanza ili pesti, ule ute uliopakwa kati ya prosesa na kipozaji, ilainike, kisha zima na chomoa waya ukutani. Vile vibanio vinne vya plastiki zungusha robo mzunguko kufuata mshale, vuta juu, halafu sokota kipozaji kushoto na kulia kabla ya kukinyanyua. Usikivute moja kwa moja. Kihifadhi, siku pampu ikifa, hicho ndicho kitakachokuwezesha kutazama taarifa ya habari jioni hiyo.

Pesti ya zamani futa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea, inayouzwa kwenye maduka ya mafundi wa simu. Spiriti ya kidonda ya duka la dawa usiitumie. Baadhi yake huchanganywa na mafuta kwa ajili ya ngozi, na utando wa mafuta hayo ndio usioutaka kati ya shaba na prosesa.

Mazabodi lazima itoke kwenye kasha ili bati la nyuma lifungwe. Igeuze uangalie kwa makini. Mazabodi za Mini-ITX zimebanana kiasi kwamba baadhi zina vipuri vidogo mgongoni, karibu kabisa na soketi. Bati la plastiki likikalia kimoja chake, litakivunja ukikaza skrubu. Kama linagusa, chonga plastiki kwa kisu kikali mpaka liachane na kipuri, au tafuta kishikio kingine. Usitumaini kwamba litaingia tu.

Pesti mpya ni punje moja ya ndengu, katikati ya kifuniko cha prosesa. Shusha pampu wima, usiitelezeshe, kisha kaza skrubu kwa mshazari: mizunguko miwili hapa, miwili kwenye kona ya mkabala, na kuendelea hivyo mpaka zote zigote. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kwanza, bamba litakaa kombo, na kiini kimoja kinaweza kuwa na joto kubwa kuliko wenzake.

Rejeta iwe mbele, ikivuta hewa ya nje kuingia ndani. Najua wapo wanaoigeuza itoe hewa nje. Kwenye kasha dogo hilo ni kuipa rejeta hewa ambayo tayari imepashwa na pawasaplai na kadi ya picha. Na upangaji ninaoupenda kwa mji wetu ni rejeta igusane na kichujio cha mbele, feni ikae nyuma yake na kuvuta. Sababu ni vumbi. Feni ikitangulia, vumbi na wadudu hujikusanya kati yake na rejeta, mahali usipopaona, na baada ya miezi kadhaa hapo pana blanketi. Rejeta ikitangulia, uchafu unabaki usoni na unaufagia kwa brashi ya rangi bila kufungua skrubu hata moja.

Wadudu wa ziwani wanahitaji sentensi zao. Mtu wa Dunga au Milimani anawajua: jioni moja wanakuja kama moshi, wanafuata taa, na asubuhi wamelala dirishani kwa maelfu. Feni yenye taa za rangi ndani ya kasha lenye matundu ni kuwaita. Chagua isiyo na taa, au chomoa waya wake. Mbele ya rejeta bandika kipande cha soksi ndefu ya kike, tabaka moja, kilichovutwa sawasawa; tabaka mbili zinanyima hewa. Kichomoe na kukifua kila wiki mbili, na kila siku wakati wa wimbi la wadudu.

Skrubu za rejeta zina hatari ambayo maelekezo ya boksini hayaisemi vya kutosha. Zile ndefu, milimita 30, ni za kupita kwenye feni yenye unene wa 25 na kuingia tano. Ukichukua hiyo ndefu ukafunga rejeta moja kwa moja kwenye bati la kasha, ncha yake inapita mapezi na kutoboa mfereji wa maji. Utaona tone dogo la kijani au lisilo na rangi likishuka polepole. Rejeta hiyo haizibiki, na gundi haisaidii. Tenga skrubu fupi na ndefu kwenye visahani viwili kabla hujaanza.

Upande wenye mipira uwe chini. Hewa iliyomo ndani ya mfumo hupanda juu, na tunataka ikusanyikie kwenye kichwa cha rejeta, mbali na pampu. Katika Elite 130 mazabodi imelala sakafuni mwa kasha, kwa hiyo pampu iko chini ya kichwa cha rejeta bila wewe kuhangaika. Ukiwasha mara ya kwanza, inamisha kasha taratibu mbele na nyuma kwa dakika mbili mpaka mlio wa mapovu uishe.

Waya. Mazabodi hizi mara nyingi zina soketi mbili tu za feni. Feni ya rejeta, pini nne, iende ile iliyoandikwa CPU_FAN. Pampu iende ile nyingine, kisha kwenye bayosi (BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mazabodi) uifungue mwendo kamili muda wote. Pampu inayopunguzwa volti inaweza kukwama, na ikikwama hakuna anayejua hadi prosesa ifike nyuzi 105 na kuanza kujipunguza kasi. Ukiacha CPU_FAN tupu, kompyuta nyingi zitagoma kuwaka na kulalamika kuwa feni imekufa. Kasi ya feni naipanga asilimia 40 hadi nyuzi 55, asilimia 70 kwenye nyuzi 70, na kamili kwenye 80. Bayosi ikiwa na sehemu ya kuchelewesha mabadiliko, weka sekunde chache, la sivyo feni itakuwa inapanda na kushuka kila ukifungua menyu.

Jambo linalosahaulika: kipozaji cha zamani kilikuwa kinapuliza chini, na upepo wake ulipoza pia vipuri vya kugawa umeme vinavyozunguka soketi. Pampu haina upepo. Hivyo mipira isizibe njia ya hewa itokayo kwenye rejeta, na feni ndogo ya kutoa hewa, kama kasha lako linayo, isiondolewe.

Jaribio ni la nusu saa, wala si la dakika tano. Dakika za mwanzo maji bado yanajaza joto na kila kitu kinaonekana kizuri. Kwenye Linux endesha stress-ng, programu ya kuichosha prosesa, kwa nyuzi zote nane za kazi, fungua sensors, inayosoma joto, pembeni, na uweke kipimajoto cha kawaida mbele ya rejeta. Namba ya kuangalia ni tofauti kati ya prosesa na chumba, kwa sababu nyuzi 75 za Kisumu mchana na nyuzi 75 za Nakuru alfajiri ni habari mbili tofauti. Tofauti ikiwa chini ya 45, nimeridhika. Ikipita 55, kuna kosa.

Kosa lenyewe mikono inakuambia. Shika mipira yote miwili jaribio likiendelea. Mmoja ukiwa moto sana na mwingine baridi, maji hayatembei: pampu imekwama au hewa imeingia. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanatembea lakini rejeta haipati hewa. Angalia feni imegeukia wapi, angalia soksi. Yote miwili ikiwa vuguvugu tu huku sensors ikisoma 90, joto halifiki kwenye maji kabisa. Fungua, angalia alama ya pesti. Ikiwa imeenea vizuri na skrubu zimegota, tatizo liko ndani ya prosesa yenyewe: Intel ilitia pesti chini ya kifuniko cha i7-3770, wakati kifuniko cha i7-2600 ya kabla yake kilichomelewa kwa metali. Pesti hiyo ikizeeka, hakuna kipozaji kitakachoirudisha. Kukifungua kifuniko kwa wembe kunawezekana, lakini chipu yenyewe iliyo chini yake iko milimita chache tu kutoka kwenye ukingo, na sikushauri kwa prosesa usiyo na ya kuibadilisha. Zima Turbo, ile nyongeza ya kasi ya prosesa, kwenye bayosi. Unapoteza kasi kidogo na joto linashuka mara moja.

Stima ikipotea ghafla, kipozaji hakidhuriki. Pawasaplai ndiyo inayoumia inaporudi, kwa hiyo UPS ya VA 650 inatosha mashine hii pamoja na TV ndogo.

Kila mwezi piga brashi rejeta. Kila miezi sita fungua kasha na upulize kwa blowa, ukianzia ndani kwenda nje ili vumbi lirudi lilikotoka. Unapopuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole, maana upepo wa blowa huizungusha kupita kasi yake na kuitafuna beringi.